Kubuni chipu za DAC kwa ajili ya transmita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza zaidi ni wanafunzi wa uhandisi wa Kijitonyama (kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), wakifuatiwa na mafundi wa vituo vya redio wanaotaka kujua kilichomo ndani ya kile kidude cheusi kinachokaa kabla ya vikuza nguvu. Majibu yote yanahusu DAC, yaani kigeuzi cha dijitali kwenda analojia, iliyo kwenye transmita. DAC za muziki zina mambo yake mengine, na ushauri wa kule ukiuleta huku utakupoteza.

DAC inafanya kazi gani hasa kwenye transmita?

Prosesa inatoa namba, antena inataka mawimbi. Kila saa ya chipu inapopiga, DAC inaigeuza namba kuwa mkondo, na mkondo huo ukipita kwenye mzigo unakuwa volteji. Baada yake inakuja filta, kipandisha masafa kama kipo, kisha vikuza nguvu. Uchafu unaozaliwa hapa unakuzwa pamoja na ishara. Ukiangukia ndani ya chaneli yako au kwenye chaneli ya jirani, huko mbele hakuna filta ya kuutoa bila kuila na ishara yenyewe.

Biti ngapi zinatosha?

Chache kuliko watu wanavyodhani. Piga hesabu kabla ya kutaka 14 au 16.

Kelele inayotokana na kukata ishara katika hatua huwa chini ya wimbi lililojaa kwa dB 6.02 kwa kila biti, ongeza 1.76. Biti 10 zinakupa kama dB 62. Chukua chaneli ya MHz 8 ya DVB-T2, mfumo wa televisheni ya ardhini unaotumika hapa Tanzania, na DAC ya biti 10 inayotoa sampuli milioni 100 kwa sekunde. Kelele imetandazwa kuanzia 0 hadi MHz 50, wewe unatumia MHz 8 tu, kwa hiyo unapata nafuu ya dB 8. Upande wa hasara, ishara ya OFDM, yaani ile ya DVB-T2 inayojumlisha mawimbi madogo mengi kwa pamoja, ina vilele virefu. Ukitaka visikatwe, wastani wake uweke dB 12 chini ya kilele, ambayo ni dB 9 chini ya wimbi la sini linalojaza DAC. 62 jumlisha 8, toa 9: dB 61. Ubora unaotakiwa ndani ya chaneli ya transmita ya televisheni ni dB thelathini na kitu.

Kinachoangusha transmita ni miiba, ile mistari isiyotakiwa inayochomoza kwenye spektra. Chipu ya biti 14 yenye mwiba wa dB 55 chini ya ishara kwenye MHz 30 ni mbovu kuliko ya biti 10 yenye mwiba wa dB 65 hapo hapo. Unaposoma karatasi ya maelezo ya chipu, ruka ukurasa wa kwanza unaojisifia biti, nenda moja kwa moja kwenye grafu ya miiba dhidi ya masafa. Kama grafu inaishia MHz 5 na wewe unataka 30, umeshajibiwa.

Kwa nini chipu za transmita hutumia vyanzo vya mkondo badala ya ngazi ya R-2R (rezista za thamani R na 2R)?

Kwa sababu ya kasi. Chanzo cha mkondo hakizimwi wala hakiwashwi. Swichi mbili zinauelekeza mkondo wake upande huu au ule wa mzigo, na mzigo wenyewe ni ohm 50 au 25, hivyo hakuna kikuza cha kusubiri kitulie. Ngazi ya R-2R inahitaji ama kikuza ama mzigo mkubwa, na vyote viwili vinapunguza kasi.

Kwenye mfumo wa jozi mtupu (binary, kila chanzo ni mara mbili ya kilicho chini yake), kuna ubaya gani?

Tazama hatua moja tu: kutoka 511 kwenda 512 kwenye DAC ya biti 10. Vyanzo tisa vinageuka upande mmoja na kimoja kikubwa kinageuka upande wa pili, kwa wakati uleule. Sasa tuseme kile kikubwa kimechelewa pikosekunde 50. Kwa muda huo mtokeo unashuka mpaka sifuri, ilhali ulitakiwa kupanda hatua moja. Mkondo kamili ukiwa mA 20 na mzigo ohm 25, huo ni upungufu wa volti 0.25 kwa pikosekunde 50, yaani pikovolti-sekunde 12.5. Hatua moja halali ni milivolti 0.49, na ikidumu kipindi kizima cha nanosekunde 10 inafika 4.9. Kosa la pikosekunde 50 limezidi hatua mbili na nusu! Na linatokea kila ishara inapopita katikati, mahali ambapo OFDM inashinda kutwa.

Dawa ni kugawa. Biti sita za juu zigeuze kwa msimbo wa thamometa: vyanzo 63 vinavyolingana, kila kimoja hatua 16, vinavyowashwa, yaani kuelekezwa kwenye mtokeo, kimoja baada ya kingine kama zebaki inavyopanda. Biti nne za chini ziache kwenye mfumo wa jozi: 8, 4, 2, 1. Jumla 1008 na 15, unapata 1023. Mkorogo mkubwa kabisa wa hatua moja unashuka kutoka vyanzo vya thamani 512 hadi 16, mara 32 pungufu.

Kwa nini tusifanye thamometa biti zote kumi? Utahitaji lachi (saketi ndogo inayoshika biti moja hadi saa ipige) na swichi 1023, na waya za saa ndefu kiasi kwamba tofauti ya muda kati ya pembe mbili za chipu itakurudishia glichi uliyokimbia, yaani lile kosa la muda mfupi. Sita kwa nne ni mahali pazuri pa kuanzia kwa biti 10.

Transista ya chanzo iwe kubwa kiasi gani?

Hapa ndipo wengi hubahatisha, na hapana haja. Transista mbili zilizochorwa sawasawa hazitoki sawa kiwandani, na tofauti yao hupungua kadiri eneo lao linavyokua: ukitaka nusu ya tofauti, lipa eneo mara nne. Pelgrom na wenzake walilipima jambo hilo wakiwa Philips na kulichapisha mwaka 1989.

Anza na mtawanyiko unaoruhusiwa. Ukitaka karibu chipu zote, kama 997 kati ya 1000, zibaki ndani ya kosa la nusu hatua, mtawanyiko wa chanzo kimoja cha hatua moja usizidi 1 gawanya kwa 6 mara kipeuo cha pili cha idadi ya hatua. Biti 10: kipeuo ni 32, jibu asilimia 0.52. Biti 12: asilimia 0.26. Biti 14: asilimia 0.13.

Kisha eneo. Kwa mfano, mgawo wa tofauti ya volteji ya kizingiti uwe milivolti 3.5 kwa mikromita, wa beta (uwezo wa transista kupitisha mkondo) asilimia 1 kwa mikromita, na geti iendeshwe volti 0.4 juu ya kizingiti. Namba zako halisi zichukue kwenye kifurushi cha kiwanda (PDK, faili zenye tabia za transista zake). Chanzo cha hatua moja kinahitaji mikromita za mraba 7.5 kwa biti 10, 30 kwa biti 12, 120 kwa biti 14. Zidisha kwa idadi ya vyanzo: milimita za mraba 0.008, kisha 0.12, kisha karibu 2. Kila biti inayoongezeka inalipandisha eneo mara nne, na hapo hujaweka waya hata moja. Eneo kubwa pia lina kapasitansi kubwa, nayo huharibu masafa ya juu. Kwa maneno mengine, biti ulizoziongeza kwenye DC (ishara isiyobadilika) unazilipia kwenye MHz.

Ukipunguza ile volti 0.4 iwe 0.2, eneo la biti 12 linaruka kutoka 30 hadi 98. Basi geti iendeshwe juu kadiri volteji inavyoruhusu, jambo linalotupeleka kwenye swali linalofuata.

Volti 1.8 zinatosha?

Hesabu kutoka juu kwenda chini. Mzigo umefungwa kwenye volti 1.8. Mkondo wa mA 20 ukipita kwenye ohm 50 unashusha mtokeo hadi volti 0.8. Chanzo kinataka 0.4, kaskodi (transista inayokaa kati ya chanzo na swichi kukikinga) 0.2, swichi 0.2: jumla 0.8. Umebaki na sifuri, na joto likipanda au kiwanda kikikupa silikoni ya upande wa polepole, chanzo kinatoka kwenye eneo lake la kazi na harmoniki ya tatu, mwiba ulio kwenye masafa mara tatu ya ishara, inachomoza. Weka ohm 50 ndani na ohm 50 nje, mzigo uwe 25: mtokeo haushuki chini ya volti 1.3 na una nusu volti ya akiba. Njia nyingine ni kushusha mkondo hadi mA 10. Nguvu inayotoka inapungua, lakini kikuza cha nje ni rahisi kuliko kurudia chipu.

Fanya uigaji (simulation) kwenye pembe zote tano za kiwanda, yaani michanganyiko ya transista za kasi, za polepole na za kawaida, volteji juu na chini kwa asilimia 10, joto kuanzia nyuzi −40 hadi 125. Usiseme Dar haina baridi hiyo: baadhi ya makosa ya volteji hujitokeza upande wa baridi, ambako kizingiti cha transista kinapanda.

Uigaji wa DC unapendeza, lakini ishara ikifika MHz 30 miiba imejaa. Tatizo liko wapi?

Karibu kila mara liko kwenye swichi na kinachoiendesha. Angalia mambo matatu, kwa mpangilio huu.

La kwanza ni mahali mawimbi mawili ya geti yanapokutana. Swichi ni mbili mbili: moja ikiwaka, nyingine inazima. Kama ni za NMOS (transista zinazowaka geti ikipanda) na mawimbi yanakutana chini, kuna kitambo ambacho zote mbili zimezimwa. Mkondo wa chanzo hauna pa kwenda, nodi iliyo juu yake inaporomoka, na swichi ikiwaka tena nodi hiyo lazima ijazwe chaji kwanza. Chaji hiyo inaibwa kwenye mtokeo. Pandisha mahali pa kukutania ili zote mbili ziwe zimewaka kidogo kwa pamoja. Kwa PMOS, zinazowaka geti ikishuka, fanya kinyume chake. Chora grafu ya ile nodi wakati wa kubadili: ikiyumba zaidi ya milivolti hamsini hivi, rudi kwenye kiendeshi.

La pili, muda. Data ifungwe na lachi iliyo jirani kabisa na swichi, ikipigwa na mti mmoja wa saa. Dekoda, saketi inayogeuza biti kuwa msimbo wa thamometa, ikiendesha swichi moja kwa moja, kila chanzo kinabadilika kwa wakati wake.

La tatu ndilo linalosumbua hata wazoefu. Idadi ya swichi zinazogeuka inategemea data. Zikigeuka nyingi, umeme wa viendeshi unayumba zaidi, na umeme ukiyumba, pigo linalofuata linachelewa kidogo. Muda umeanza kufuata ishara, na huo ni upotoshaji hata kama vyanzo vyako vyote vinalingana. Tenganisha umeme wa viendeshi na ule wa dekoda, jaza kapasita kila penye nafasi, na kama eneo linaruhusu tumia swichi nne kwa kila chanzo, ili pawepo mgeuko mmoja kila pigo, data ibadilike isibadilike. Viendeshi vinakula umeme zaidi, lakini mvurugo unakuwa ule ule kila pigo, na kilicho sawa kila pigo kinaangukia kwenye masafa ya saa, nje ya chaneli yako.

Usisahau impedansi ya chanzo. Kwenye DC kaskodi inaifanya kubwa mno, ila kapasitansi kati yake na swichi inaishusha kadiri masafa yanavyopanda. Waya wa nodi hiyo uwe mfupi kuliko zote.

Saa iwe safi kiasi gani?

Mtetemo (kuyumba kwa muda wa pigo la saa) wa pikosekunde 1 kwenye ishara ya MHz 30 unakupa dB 74 kati ya ishara na kelele. Mtetemo huo huo kwenye MHz 600 unakupa dB 48 tu. Saa iliyochukuliwa kwenye pini ya FPGA (chipu ya dijitali unayoipanga mwenyewe) yenye pikosekunde 50 inakushusha hadi dB 40 hata kwenye MHz 30, na hapo biti zote ulizolipia zimekwenda na maji. Tumia osileta ya kristali yenye umeme wake peke yake, ilete kwenye chipu kwa waya mbili tofautishi, na isipite kwenye geti lolote la dijitali njiani.

Kwa nini natoa MHz 8 lakini naona na MHz 92?

Hicho ni kivuli, na DAC haina kosa. Kwa sampuli milioni 100, kila ishara ina pacha kwenye 100 toa masafa yake. Filta ndiyo kazi yake. Ukiishia asilimia 40 ya sampuli, yaani MHz 40, pacha anaanzia 60 na filta ina MHz 20 za kushukia. Ukibana hadi 48, hakuna filta ya bei ya kawaida itakayokusaidia. Kumbuka pia kwamba DAC inayoshikilia thamani hupunguza ishara kadiri masafa yanavyopanda: dB 0.9 kwenye robo ya sampuli, dB 2.4 kwenye asilimia 40, dB 3.9 kwenye nusu. Sahihisha kwa filta ya dijitali kabla ya DAC.

Wanaofikiria redio ya FM, MHz 87.5 hadi 108, huuliza kama wanaweza kumtumia pacha makusudi. Inawezekana. Kwenye MHz 90 kwa sampuli milioni 100 ishara iko dB 19 chini, lakini ipo. Ila ukienda moja kwa moja bila ujanja, panga sampuli milioni 270.

Na UHF ya televisheni?

Ama DAC ya sampuli za mabilioni, ama DAC mbili, I na Q (sehemu mbili za ishara zinazopishana nyuzi 90), pamoja na kipandisha masafa. Njia ya pili ndiyo iliyo karibu na mfuko wa wengi. Angalia ulinganifu: tofauti ya asilimia 1 ya ukubwa kati ya I na Q inaleta taswira (nakala ya ishara upande wa pili wa masafa ya katikati) dB 46 chini, na nyuzi 1 ya pembe inaleta dB 41. Zote mbili zinasahihishwa kwa namba ndani ya prosesa, kwa hiyo usimalizie eneo la silikoni huko.

Leyauti, yaani mpangilio wa transista kwenye silikoni, nianzie wapi?

Na ramani ya vyanzo. Unene wa oksidi na joto hubadilika polepole kutoka upande mmoja wa chipu hadi mwingine. Vyanzo 63 vikipangwa kwa safu na kuwashwa kwa mfuatano huo huo, makosa yanajumlishwa. Gawa kila chanzo vipande vinne kuzunguka kitovu, kisha changanya mpangilio wa kuwasha. Kikundi cha Leuven, Ubelgiji, kilifikisha biti 14 bila marekebisho mwaka 1999 kwa kuchanganya mpangilio namna hiyo. Zungusha safu mbili za transista zisizofanya kazi pembeni, maana za ukingoni hutoka tofauti. Swichi na lachi zikae kwenye eneo lao, mbali na vyanzo.

Waya wa kuunganisha chipu na kifungashio una kama nanohenri 1 kwa kila milimita. Mkondo wa mA 20 ukibadilika ndani ya pikosekunde 100 kwenye milimita moja tu, unapata volti 0.2. Kwa hiyo ardhi ipewe pini nyingi. Mbili hazitoshi.

Tanzania hakuna kiwanda cha chipu. Nachorea wapi?

Kwenye laptop yako. Kifurushi cha kiwanda cha SkyWater cha nanomita 130 kilifunguliwa kwa umma mwaka 2020, GlobalFoundries nanomita 180 mwaka 2022, na IHP ya Ujerumani nayo ina SG13G2 ya wazi. Xschem kwa saketi, ngspice kwa uigaji, Magic au KLayout kwa leyauti, Netgen kwa kulinganisha: zote ni bure. RAM ya GB 16 inatosha kwa biti 10. Uigaji wa nasibu wa mara 200 unaweza kukesha, basi ugawe mafungu madogo na kila fungu lihifadhiwe likimalizika, ili umeme ukikatika usianze moja.

Ukitengenezesha kwenye chipu ya kushirikiana na wengine, soma kwanza mpaka wa pini ya analojia. Nyingi hupitia swichi ya pamoja yenye upinzani mkubwa, na mA 20 hazipiti hapo. Punguza mkondo tangu mwanzo.

Napimaje bila kujidanganya?

Weka mfuatano wa sampuli 4096 kwenye kumbukumbu wenye mizunguko 331 kamili. Kwa sampuli milioni 100 hiyo ni MHz 8.081. Kwa kuwa 331 ni namba tasa, mizunguko hairudii sampuli zilezile na makosa ya kukata hayajikusanyi kwenye mistari michache. Tafuta harmoniki ya pili kwenye 16.162, ya tatu kwenye 24.243. Ya saba, 56.567, inajikunja na kutokea 43.433, usiifukuzie kama mgeni.

Ukiona mwiba, kwanza mshuku mpimaji. Ongeza kipunguzi cha dB 10 mbele ya spektra analaiza: mwiba ukishuka dB 10 sawa na ishara ni wa chipu, ukishuka zaidi ni wa analaiza. Kisha punguza ishara kwa dB 6 ndani ya namba zenyewe. Mwiba ukishuka dB 12 au 18, tatizo ni mtokeo au kikuza. Mwiba usiposhuka hivyo, rudi kwenye swichi na ulinganifu. Na mwiba usipotikisika hata data ikiwa sifuri, ni saa inayovuja.

Kile kidude cha RTL-SDR cha biti 8, kipokezi cha USB cha bei nafuu, ni kizuri kwa kuona kama kuna ishara. Kupima miiba ya dB 65 hakiwezi.

Unganisha mtokeo na mzigo wa ohm 50, usiunganishe antena. Kurusha hewani kunahitaji kibali cha TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) hata kwa majaribio. Na bodi iliyotoka kwenye chumba cha AC iache ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la nje. Ukiitoa ghafla kwenye hewa ya Dar inatoa jasho, na umande ukitanda kwenye njia za upinzani mkubwa utapima umande.

Naweza kujifunza kwa rezista za Kariakoo kwanza?

Ndiyo, fanya hivyo. Ngazi ya R-2R ya biti 8 inahitaji rezista 25 za kilo-ohm 10: saba za R, na 2R tisa zilizojengwa kwa mbili mbili. Zote zitoke kwenye utepe mmoja. Za asilimia 1 zitakupa kama biti sita za kweli, kwa sababu biti ya juu ya DAC ya biti 8 inadai asilimia 0.4. Pima kila moja kwa multimita, zilizokaribiana zaidi ziweke upande wa biti ya juu, kisha tazama hatua ya 127 kwenda 128 kwenye oskiloskopu. Glichi utaiona kwa macho.